Pipa la Oili Lililowekwa Wakfu

Pipa liliingia kanisani kwa kubiringishwa. Wanaume walilisukuma taratibu katikati ya mabenchi, wengine wakitangulia kulizuia lisikimbie, na akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele kama wanaompokea bibi harusi. Likasimamishwa chini ya mimbari, kando ya mbuzi wa shukrani na magunia ya mtama. Lilikuwa pipa la buluu, jipya, la oili ya injini.

Hiyo ilikuwa Lodwar, miaka ya tisini, wakati kambi ya wakimbizi ya Kakuma bado ilikuwa na mahema mengi kuliko nyumba. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu alisimama kueleza. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa kuja kama mimi. Wenyeji walisema sote wawili tumetoka Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine, na kwa jinsi barabara ile ilivyokuwa siwezi kuwalaumu. Alisema kuna shirika lililokuwa likifunga sehemu ya kazi zake kule Kakuma. Lilikuwa na oili iliyobaki ya magari yake, na limeitoa bure kwa ajili ya mashua ya kanisa iliyoko Kataboi. Wageni wawili wa shirika hilo walikuwa wameketi mbele, wamechomwa na jua mpaka puani. Picha zikapigwa. Tukaitwa wazee wote tuweke mikono juu ya kifuniko, na mchungaji akaliombea pipa lile, akaliweka wakfu kwa kazi ya Bwana ziwani.

Nami nilisema amina. Mimi ni mtu wa kushukuru. Nilifundishwa kushukuru kabla ya kula na baada ya kula, na siku isiyo na chakula nishukuru kwa ile iliyokuwa nacho. Lakini ibada ilipokwisha niliinama kusoma maandishi ya ubavuni mwa pipa, na ile amina ikanirudi kooni.

Ilikuwa oili nyepesi, ya magari mapya, yenye dawa ya kusafisha.

Niieleze mashua hiyo. Ilikuwa ya chuma, kuukuu, iliyoachwa na wamisionari waliotutangulia. Chini ya mbao zake za katikati ilikaa injini ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli, nzito kama fahali, ikisema tuku-tuku-tuku, na ukiisikia kwa mbali ungedhani mtu anatwanga. Ilibeba mwuguzi wa zahanati na sanduku lake la chanjo kwenda vijiji vya kaskazini ambako gari halifiki, lugga, ile mito ya msimu, zikijaa maji. Ilibeba makatekista. Ilibeba akina mama na mizigo yao ya samaki wakavu kuja Kataboi kuyangoja malori. Hakukuwa na nyingine ya kanisa, wala hakukuwa na fedha ya nyingine.

Injini hiyo niliifahamu kwa sababu nyumbani kwangu Lodwar nilikuwa na kinu cha kusaga unga, na kinu changu kiliendeshwa na dada yake. Kiwanda kimoja, umbo moja, na ubavuni kibati kilekile cha shaba kilichopigiliwa misumari, kikisema oili ni namba arobaini. Namba arobaini ni oili nzito. Chuma cha injini ya namna ile kimetengenezwa kizunguke polepole, na kwa uzee sehemu zake zimeachana kidogo. Oili nzito hukaa katika nafasi hizo kama uji mzito unavyokaa juu ya mwiko. Nyepesi, ikishapata moto, hupita tu. Na hilo si baya peke yake. Injini iliyonyweshwa oili ya kawaida miaka yote, masizi yake yametulia chini na kwenye kuta, yameganda kama lami, hayamsumbui mtu. Ukiitia ile yenye dawa unayaamsha. Yanabanduka, yanaelea, yanakwenda kuziba chujio, na injini inakufa kwa kiu ikiwa imejaa oili. Niliona kinu cha jirani yangu kikifa hivyo, wateja wakiwa na mahindi yao kwenye foleni.

Nilimfuata mwenyekiti nje ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta, nikamweleza kwa upole.

"Mzee wangu," akasema, "msaada haukataliwi."

"Sijasema tuukatae. Nimesema tuubadilishe. Wenye malori ya Kitale wataipenda oili hii, injini zao ni za juzi. Tuwape, watupe nzito. Pipa kwa pipa."

"Tuubadilishe? Umeweka mkono wako pale juu pamoja nasi. Tumesema mbele ya madhabahu kwamba ni ya mashua. Sasa tumrudie Mungu tumwambie tulikosea kusoma?"

"Kile kibati kwenye injini…"

"Kile kibati ni cha enzi ya mkoloni. Oili zimeendelea. Wewe mwenyewe hutumii taa ya kibatari." Kisha akaniwekea mkono begani, kama mtu anayemtuliza mtoto wa shule ya Jumapili. "Na wale wageni watarudi kuona mashua ikitembea kwa oili yao. Kuna mabati ya paa la kanisa tunayatumainia. Tujifunze kushukuru, mzee."

Tujifunze kushukuru. Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Kuna watu wanaoitumia shukrani kama wengine wanavyotumia bakora.

Sikukata tamaa. Kamati ilipokutana nilikwenda nimejiandaa, kwa kuwa nilisomea mambo ya imani na nilijua pa kushika. Niliwaambia kwamba hata sheria ya kale ya sadaka ililijua jambo hili. Mzaliwa wa kwanza wa kila mnyama alikuwa wa Bwana, punda akiwemo, lakini punda hafai madhabahuni. Basi mwenye punda hakuambiwa amlazimishe juu ya moto. Aliambiwa amkomboe, alete kondoo badala yake, na Mungu hakuona kwamba ameibiwa. "Ndugu zangu," nikasema, "pipa lile ni punda. Ni mnyama mzuri, ana kazi yake. Tumkomboe kwa kondoo."

Nilidhani nimewapata. Ndipo mzee mmoja mwenyeji, tajiri wa mifugo wa upande wa Lokori, mtu wa maneno machache aliyezoea kukaa na fimbo yake kati ya magoti, akainua kichwa.

"Mzee wa kinu," akasema, "punda ana shida gani?"

"Hafai kwa sadaka."

"Sisi tunakula punda."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Nimeishi Turkana muda mrefu, nimewaona kwa macho yangu wakigawana nyama ya punda, na siku ile nilisahau niko kwa nani. Mwenyekiti alingoja mpaka kicheko kikapungua, akasema, "Basi nadhani jambo limekwisha," na kweli likaisha. Hoja yangu iliyeyuka palepale, ikaliwa pamoja na punda wake.

Nikasafiri na lile pipa hadi Kataboi juu ya lori, kwa sababu sikutaka nahodha alipokee kutoka kwa mtu mwingine.

Nahodha wa mashua ile alikuwa Mturkana wa pale pale ufukweni, mtu mrefu, mwenye kovu kwenye kisigino lililomfanya atembee kama anayekwepa miiba. Familia yake ilipoteza mifugo kwa ukame naye akiwa bado mdogo, na kwa wenye ng'ombe mtu wa samaki ni mtu aliyeanguka. Mashua ndiyo iliyomwinua. Walimwita kwa jina la mashua. Ile hendeli ya kuzungushia injini hakuiacha ndani ya mashua. Aliichukua nyumbani kila jioni, akaining'iniza mahali ambapo baba yake angening'iniza kiti chake cha mbao na fimbo.

"Ejok," akanisalimu, akilitazama pipa.

"Ejok. Nimekuletea oili."

Akafungua, akachovya kidole, akakiinua. Ikadondoka haraka.

"Mzee, hii ni ya mtu mwingine."

"Ni ya kanisa. Imeombewa."

"Iombewe tena iwe nzito."

Alikataa kuitia. Kwa majuma kadhaa aliendelea na mabaki ya ile nzito, akiitia kwa kijiko kama dawa, mpaka habari ikafika Lodwar na mwenyekiti akaja mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini vikazama mchangani. Sikuwapo, lakini nahodha alinieleza, na mwuguzi aliyekuwapo alinieleza vilevile.

"Wewe ni nani ukatae sadaka?" mwenyekiti alimwuliza.

"Mimi ni mtu ya hii injini."

"Injini ni ya kanisa. Mimina oili, au lete hendeli nimpe mtu mwingine."

Akamimina. Mngetaka afanye nini? Angerudi kuwa nani pale kijijini bila kile chuma ukutani? Alimwaga ile nyeusi ya zamani kwenye makopo ya wenye ngamia waliokuwa wamekwisha kujipanga, maana oili chafu ya injini ndiyo dawa yao ya upele wa ngamia na hawakosi siku ya kubadilisha. Kisha akaijaza injini kizee ile oili ya magari mapya.

Na jambo lililoniudhi kuliko yote ni kwamba mwanzoni iliimba. Iliwaka kwa mzunguko mmoja. Sauti ikalainika, moshi ukapungua. Mwenyekiti alinikuta sokoni Lodwar, nimeshika mfuko wa vitunguu, akanisimamisha mbele ya watu.

"Mzee wa kinu, umesikia habari za Kataboi? Injini imekuwa msichana."

"Nimesikia."

"Basi uwe unaamini. Imani ndiyo inayosogeza vitu."

Nikahamishia vitunguu mkono mwingine. Subira ni tunda la Roho, na pia ni kitu kinachokufanya uonekane umeshindwa sokoni.

Haikuchukua muda. Dereva wa lori la samaki aliniletea salamu kutoka kwa nahodha: injini inajikojolea. Mpira wa kuzuia oili kwenye mhimili ulikuwa umekauka kwa uzee, na kilichokuwa kikiuziba ni ule ule uchafu ulioganda. Uchafu ukaoshwa, oili ikapata njia. Kila asubuhi alikuta imejaa chini ya mbao, ikielea juu ya maji ya sakafuni, na kila asubuhi aliongeza nyingine. Kisha zikaja salamu za pili: sindano ya kipimo cha presha ya oili inalala injini ikipata moto.

Nilipanda gari kwenda Kakuma kumtafuta fundi. Kambini alikuwako mtu wa Sudani ya kusini, Mkristo mwenzetu, aliyetengeneza baiskeli na jenereta chini ya turubai karibu na soko. Alijisifu kwamba alirekebisha mashua za Mto Nile kabla ya vita, na alijisifu kwa sauti iliyofika hadi kwenye maduka ya Wasomali. Nikamweleza habari yote, tangu vigelegele.

"Mzee, hiyo injini ni ajuza," akasema. "Nyinyi mmevalisha yeye viatu ya harusi."

"Nitafanyaje?"

"Changanya na oili ya gia. Inakuwa nzito, kalas, imekwisha maneno."

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni kuongeza kosa juu ya kosa." Mikono yake ilikuwa na akili kuliko ushauri wake, na nilikuja kwa ajili ya mikono.

Akacheka, akajifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole vyake. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Kwa nini hamkuuza tu?"

"Wanasema imewekwa wakfu. Wanasema ni kukosa shukrani."

Akamwita mkewe aliyekuwa akipepeta kitu mlangoni, akamwomba alete ungo. Ndani mlikuwa na maharagwe ya mgao, madogo, magumu kama changarawe.

"Hii haiivi," akasema. "Kuni ya wiki nzima, bado haiivi. Wakitupa tunasema asante, tena kwa moyo. Halafu mama anapeleka soko, anauza kwa mtu mwenye kuni nyingi, ananunua yenye inaiva. Mungu hajakasirika bado."

Mkewe akasema jambo kwa lugha yao, na yeye akacheka tena. "Anasema Mungu anajua bei ya kuni."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya shukrani. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

Alikubali kuja, lakini mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na ruhusa ina miguu yake yenyewe. Tulikuwa bado tunaingoja ruhusa hiyo, injini ilipokufa.

Ilikuwa safari ya chanjo. Mwuguzi alikuwa na sanduku lake la barafu, na akina mama wa kijiji cha kaskazini walikuwa wametangaziwa. Wengine walitoka malishoni mbali na watoto mgongoni. Mashua ilikuwa katikati ya safari wakati sindano ya presha ilipolala kabisa. Nahodha akazima injini ili aiokoe. Upepo wa asubuhi wa ziwa lile hauna huruma; ulianza kuwabeba kuelekea miamba. Akaiwasha tena kwa sababu ya watu. Ikasema tuku, tuku, ikapiga kelele ya chuma kukwaruza chuma, ikasimama na hendeli ikakataa kuzunguka. Walipiga makasia kwa vipande vya mbao za sakafu. Mungu aliwatupa kwenye mchanga, si kwenye mawe, na kwa hilo nashukuru bila kuambiwa na mtu. Lakini walitembea juani hadi walipofika kwa watu, na barafu ikayeyuka, na chanjo ikaharibika. Wale akina mama walingoja siku nzima pale kwenye kivuli cha miti ya miiba, kisha wakarudi walikotoka na watoto wao vilevile walivyokuja.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Kamati iliketi bila kuniita. Ikaamua kwamba nahodha alizembea, kwamba aliendesha injini ilhali sindano imelala, jambo ambalo ni marufuku. Wakamchukulia hendeli. Wakamwita Lodwar, na Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, mwenyekiti akamsimamisha mbele ya watu wote, pale pale pipa liliposimama.

"Ndugu yetu huyu," akasema, na sauti yake ilikuwa laini, "ameligharimu kanisa injini. Wengine walitaka apelekwe mbali zaidi. Lakini sisi ni watu wa neema. Leo kanisa linamsamehe. Tuseme pamoja, tumekusamehe."

Watu wakaanza kusema. Nahodha alisimama ameinamisha kichwa, ameshika mikono yake nyuma, na vidole vilikuwa vikijikunja na kujikunjua kama vinavyotafuta kitu cha kushika. Kwao mtu akizungumza mbele ya wazee hujishikilia kwenye fimbo yake, na yeye walimleta mikono mitupu.

Nikasimama. Mimi husimama kanisani kusoma au kutoa ushuhuda, na watu walidhani ni mojawapo.

"Mimi sijamsamehe," nikasema.

Mchungaji akanitazama kwa mshangao. "Mzee?"

"Sijamsamehe kwa sababu hajanikosea. Wala hajawakosea ninyi. Kumsamehe mtu asiye na kosa ni kumtukana, na kulitukana jina la msamaha. Mnamwosha uso kwa maji machafu kisha mnamwambia ashukuru."

"Mzee wangu, kaa chini tutazungumza nje," mwenyekiti akasema.

"Tulizungumza nje. Mimi na wewe, kwenye kivuli cha ukuta huu. Leo nitazungumza ndani." Nikashika benchi la mbele. "Injini haijafunguliwa. Hakuna aliyeiona ndani, na hukumu imekwisha kutoka. Ifunguliwe kwanza. Ikionekana ni uzembe wake, nitakuja hapa nimsamehe kwa sauti kuliko ninyi nyote."

Yule mzee wa mifugo, mla punda, alipiga fimbo yake sakafuni. "Ifunguliwe," akasema.

Ruhusa ya fundi ilipatikana. Tulikwenda Kataboi kundi zima, mchungaji, mzee wa mifugo, fundi na sanduku lake la spana, na mwenyekiti mbele ya gari karibu na dereva. Wenye ngamia walitutangulia. Sijui nani huwapa habari. Walikuwa wameketi ufukweni na makopo yao.

Fundi alifanya kazi akiimba. Kifuniko cha ubavuni kilipotoka aliacha kuimba. Aliingiza mkono mpaka kiwikoni, akavuta, akatoa chujio la chini, ile nyavu ambayo pampu hunyonyea oili. Halikuwa na tundu hata moja lililo wazi. Lilikuwa donge jeusi, kama kipande cha lami ya barabara. Akalibandua lile donge kwenye nyavu, akalipitisha kwa kila mzee alishike. Mchungaji alilishika kwa vidole viwili. Mwenyekiti alikunja mikono.

"Hii takataka nani ameweka?" mchungaji akauliza.

"Hakuna mtu ameweka," fundi akasema. "Ilikuwa imelala ndani. Sabuni imeamsha."

Mwenyekiti akakohoa. "Kwa kweli haya ni mapenzi ya Mungu. Hakuna mwanadamu anayeweza kujua yaliyo ndani ya chuma."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuwa mzee wa kanisa na bado damu ikampanda machoni. Lilikuwa kosa wakati lilipokuwa la nahodha. Lilipogeuka kuwa la mwenyekiti, likawa mapenzi ya Mungu. Nilifungua kinywa changu, na sijui ningesema nini, lakini mzee wa mifugo alinitangulia. Alikuwa ameliweka lile donge kwenye kiganja, analinusa.

"Mzee wa kinu," akasema, "nilicheka punda wako."

"Ulicheka."

"Sisi tunakula punda. Lakini hatumpi bibi asiye na meno." Akamgeukia mwenyekiti, akimwonyesha injini kwa fimbo. "Huyu ni bibi. Meno hana. Mlimpa nini?"

Wenye ngamia wakacheka, na safari hii kicheko kilikwenda upande mwingine. Mzee akalipeleka donge kwa mama mmoja mwenye kopo, akamdondoshea ndani, naye akashukuru kama aliyepewa maziwa.

Kilichobaki kwenye pipa tulikikomboa. Mwenye lori wa Kitale alikitwaa kwa furaha, akatuletea namba arobaini kwenye madebe, na hakuna radi iliyopiga kanisa. Beringi zilichukua muda kupatikana. Fundi alizikwaruza kwa mkono hadi zikakaa, akiimba tena. Wageni wa shirika walirudi, wakaambiwa ukweli na mchungaji, wakasema kwa nini hatukuwaambia mapema, wao wenyewe wangetubadilishia. Mabati walitupa vilevile.

Lakini hendeli. Nilimwambia mwenyekiti kwamba aliichukua mbele ya watu na atairudisha mbele ya watu, pale pale chini ya mimbari, na aseme ni kwa nini. Alisema atalitafakari kwa maombi. Jumapili zikapita. Mwishowe aliituma Kataboi kwa dereva wa lori la samaki, imezungushiwa gazeti, bila neno. Si muda mrefu baadaye serikali ilimhamisha, na tukamfanyia ibada ya kumuaga, na watu wakashukuru kwa utumishi wake. Nimemsamehe. Yeye, angalau, alikuwa na kosa.

Lile lisilonitoka ni kwamba watu waliosema "tumekusamehe" kwa sauti moja hawakupata kamwe kusema kwa sauti moja "tulikosea". Nililiomba jambo hilo kwenye kamati zaidi ya mara moja. Waliniambia yamepita, mzee. Yalimpita nani?

Siku ya kuiwasha nilikuwako. Nahodha aliifungua hendeli kutoka kwenye gazeti, akalikunja gazeti akalitia mfukoni la kuvutia tumbaku. Akamimina ile nzito, na ilishuka polepole kama asali ya asubuhi, naye akaingoja bila haraka. Katekista mmoja aliyekuja kusafiri alisogea, akainua mkono juu ya debe ili aliombee.

Nahodha akalisogeza debe upande wake.

"Ombea upepo," akamwambia. "Oili niachie mimi."

Kisha akaingiza hendeli, akaitazama injini kama mtu anayemtazama mzazi anayeamka kutoka kwenye homa, na akazungusha.